Mvua ya Kwenye Kioo

Ukimwuliza Mwalimu wa Fizikia swali, alikutazama kwanza kama mtu aliyeombwa kitu ambacho si chake. Kisha alisema, "Wewe ungefanyaje ili ujue?" Basi. Mazungumzo yameishia hapo, nawe umebaki na swali lako na jingine juu yake. Wanafunzi wageni waliona ni dharau. Wazazi kadhaa walikuja kulalamika kwamba mwalimu huyu analipwa afundishe, naye kazi anawarudishia watoto. Sisi walimu wenzake tulimzoea, ingawa kuzoea si kupenda. Siku moja mpishi wa shule alimwuliza kama chumvi ya maharage imekolea, akajibiwa vilevile, na mpishi akabeba upawa wake akaondoka akinung'unika.

Nilikaa naye ukuta kwa ukuta kwenye nyumba za walimu kwa miaka mingi, upande wa Kongwa, katika shule ambayo ukiacha barabara kuu unaifuata kwa njia ya vumbi jekundu mpaka uyaone mabati. Mimi nilifundisha Kiswahili. Alinizidi umri, kwa hiyo kila asubuhi bombani nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku anatazama mbingu. Alitazama mbingu hata kiangazi, mwezi wa nane, wakati ambao hata kuku wa Dodoma wanajua kwamba hakuna kitu kule juu. Nyuma ya maabara alikuwa na kipimo cha mvua, kopo la bati kwenye nguzo, na alikikagua kila siku mwaka mzima. Mwalimu wa Jiografia alimtania kwamba anapima jua. Yeye akasema sifuri nayo ni jibu, ila watu hawapendi kulisikia.

Sikujua kwao hasa ni wapi. Wapo waliosema ana mke Tabora, wapo waliosema mke alikuwepo akafa, na mhasibu wa shule, aliyejua mambo ya kila mtu, alisema hajawahi kuona mshahara wa yule bwana ukitumwa popote. Kila likizo ya Desemba, sisi tukifunga mizigo na kugombania lori la kutupeleka barabarani, yeye alibaki. Alisema lazima abaki mtu wa kuiona mvua ya kwanza. Tukirudi Januari tulikuta nyasi zimeota mpaka mlangoni kwake, na katikati ya nyasi kijia kimoja chembamba, cha mtu mmoja, kutoka mlangoni hadi kwenye lile kopo.

Krismasi moja hatukusafiri, kwa kuwa nilikuwa na mtoto mchanga. Mume wangu akaenda kumwita aje kula pilau. Alikuja amevaa shati lililopigwa pasi ya mkaa, akala vizuri, akasifu chakula kwa maneno machache yaliyo sahihi, kisha akakaa ametazama mikono yake mpaka akaaga. Kesho yake alirudisha bakuli nililomfungia chakula, na ndani ameweka karanga zilizochambuliwa moja moja, hakuna iliyooza. Hakuja tena, na tulipomwalika mwaka uliofuata alisema ana kazi. Kazi gani siku ya Krismasi hatukumwuliza, maana tulijua angejibuje.

Jambo moja lilinishangaza kwake kuliko yote. Mtu huyu hakuvumilia mwanafunzi anayebahatisha. Ukibahatisha darasani alikuketisha akasema, "Hilo si jibu, hilo ni dua." Lakini kila alipokwenda Dodoma mjini alirudi na tiketi za bahati nasibu, zile za kukwangua na zile za kungoja matokeo gazetini. Nilimwambia, Mwalimu, wewe unayejua hesabu kuliko sisi wote unajua kabisa hutashinda. Alicheka, na kucheka kwake kulikuwa kwa nadra. "Najua sishindi," alisema. "Lakini mtu awe na kitu cha kungojea."

Hiyo ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinaingia. Mitumba iliingia, redio za watu binafsi ziliingia, maduka ya pembejeo yalifunguliwa Kibaigwa yakiuza mbegu kwenye mifuko yenye picha ya muhindi mnene, na watu waliokuwa wanangoja mgao wa ushirika sasa waliambiwa soko huria, jitafutieni. Shule yetu nayo ilipata sehemu yake. Wafadhili kutoka ng'ambo walikuja na gari, wakapiga picha na wanafunzi, wakatuachia kompyuta na boksi la disketi. Mkuu wa shule alizifungia stoo pamoja na majembe, maana hakuna aliyejua kuziwasha na yeye hakutaka ziharibike mikononi mwake. Mwalimu wa Fizikia aliwahi kupelekwa kozi Dar es Salaam. Akaomba ufunguo.

Alichofanya kwanza ni kushona. Alinunua shuka za mitumba akashona mifuniko ya kuzuia vumbi, kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka kama ya fundi. Kisha akaweka sheria kwamba anayeingia chumba kile anaacha viatu nje na ananawa miguu. Jenereta la shule liliwashwa jioni kabla ya chakula, na kwa muda huo mfupi chumba kilijaa watoto pekupeku, wawili wawili kwenye kiti kimoja, wakinuka vumbi lililolowa.

Kati ya zile disketi kulikuwa na programu moja aliyoipenda. Ilikuwa shamba. Unachagua mbegu, unachagua wiki ya kupanda, nafasi kati ya mashimo, mbolea au hakuna, kisha unabonyeza, na miezi inapita mbele yako upesi upesi: matone yanashuka kwenye kioo, kijani kinapanda, na mwisho unaambiwa umevuna magunia mangapi. Tatizo ni kwamba lilikuwa shamba la kwao waliolileta. Mazao yake yalikuwa ngano na shayiri, na baada ya mavuno kioo kilijaa theluji. Watoto walipoiona theluji waliuliza kama mashine imeharibika. Basi akaifungua programu ile kwa ndani, akaanza kuiandika upya. Aliondoa theluji. Akatia mtama, uwele, karanga, na mahindi, udongo wetu mwekundu na ule mweusi wa mbugani, na mvua zetu, alizozikusanya kwenye kopo lake na kwa watu wengine waliopima mkoani. Kazi hiyo ilimla mwaka na zaidi. Alipomaliza hakumwambia mtu. Jioni moja tu watoto walibonyeza, wakaona uwele.

Hapo ndipo nilipomwona akifundisha. Hakuwapa jaribio la kufanya, kama vitabu vinavyotoa, chukua hiki, pima kile, andika matokeo. Aliwaambia kila kundi lije na swali lake na njia yake ya kulijibu. Sheria zilikuwa chache. Badili kitu kimoja tu, vingine viache vilivyo, maana ukibadili viwili hutajua ni kipi kilichokuambia. Na kabla hujabonyeza, sema kwa sauti unadhani itatokea nini. Watoto waliona haya kusema, wakaogopa kuchekwa. Yeye alisimama nyuma yao amefunga mikono, anangoja, hata kama ni kungoja mpaka jenereta lizimwe. Asiyesema hakubonyeza.

Wakajifunza kukosea. Kundi moja lilijaza eneo lote la Kongwa karanga, kama walivyofanya Wazungu wa ule mradi wa karanga wa zamani ambao mabaki ya mashine zao babu zao waliyachezea, na karanga zikakauka, wakacheka, wakaulizana kwa nini wale hawakujaribu kwanza mahali padogo. Mwalimu wa Fizikia alifurahi siku ile. Ndipo aliposema neno ambalo watoto waliliandika ukutani kwa chaki: "Kosa la kwenye kioo halili mbegu ya mtu."

Nyemo alikuwa kidato cha tatu, binti wa mkulima wa kijiji cha nyuma ya kilima. Alikuwa mkimya, Kiswahili chake kikiwa bado na mdundo wa Kigogo, na alikaa ubavu ubavu kwenye kiti kama mtu aliye tayari kuondoka. Katika darasa langu hakunyoosha mkono hata mara moja. Kumbe kwenye chumba kile alikuwa mtu mwingine. Alikuja na swali kutoka nyumbani kwao: baba yake alikuwa ameiona ile mifuko yenye picha ya muhindi, na nyumbani kulikuwa na ubishi, baba anataka mahindi, bibi anasema uwele ndio uliotulea. Nyemo akalipeleka swali kwenye kioo. Shamba lilelile, wiki ileile, mbegu tu ndiyo aliyobadili. Akasema kabla ya kubonyeza kwamba anadhani bibi atashinda. Akabonyeza. Mahindi yakashinda, tena kwa mbali. Akarudia kwa wiki nyingine za kupanda, mahindi yakashinda vilevile.

Mwalimu wa Fizikia alimsifu mbele ya wenzake kwa jinsi alivyolipanga jaribio. Alistahili sifa. Nyemo akaenda nyumbani wikiendi ile akamweleza baba.

Mwaka ule mvua ilianza vizuri. Mahindi ya baba yake Nyemo yakapanda mpaka kifuani mwa mtu. Kisha Februari mvua ikakatika, kama inavyofanya huku kwetu miaka mingine, jua likawaka wiki baada ya wiki juu ya mahindi yaliyokuwa yanaanza kutoa mbelewele. Uwele wa majirani ulinyong'onyea ukangoja. Mahindi hayakujua kungoja. Mvua iliporudi, ilinyeshea mabua.

Tulijua kwa sababu Nyemo hakuonekana shuleni. Mwanafunzi wa kijiji chao alieleza bwenini, wasichana wakaniambia mimi, nami jioni nikagonga mlango wa jirani yangu nikamwambia. Alibaki amesimama na sufuria mkononi. Asubuhi alikuja yeye kugonga kwangu, na hiyo ndiyo mara pekee katika miaka yote aliyowahi kuniomba kitu. Aliniomba niende naye kwa baba yake Nyemo, kwa kuwa mimi nimekulia Mpwapwa na Kigogo nakijua.

Tulikwenda kwa miguu. Baba yake Nyemo alikuwa ameketi nje ya tembe lake akisuka kamba, mtu mrefu mwenye mvi za kando, akatuamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, akatutolea vigoda. Nyemo alileta maji ya kunywa, akainamisha uso, akaingia ndani. Kutoka pale tulipokaa shamba lilionekana lote, mabua makavu yakichakarika kwa upepo.

Mwalimu wa Fizikia alikataa kuzungumza habari za afya na mifugo kama ilivyo desturi. Alinigeukia. "Mwambie mashine haikukosea," alisema. "Niliikosea mimi. Nilichukua mvua za miaka mingi, nzuri na mbaya, nikazichanganya, nikatengeneza mwaka mmoja wa wastani. Mwaka ule hauna Februari kavu. Mwambie mwaka ule haujawahi kunyesha mahali popote."

Nilihangaika kulipata neno la wastani kwa Kigogo. Mwishowe nilisema amechanganya uji mzito na uji mwepesi katika chungu kimoja, akampa mtoto aonje, mtoto akadhani siku zote kuna uji. Yule mzee alisikiliza hadi mwisho. Kamba ilikuwa imelala magotini mwake. Kisha akajibu kwa Kiswahili, polepole, ili mwenzangu amsikie mwenyewe.

"Mwalimu, mtoto aliniambia nijaribu kona ya shamba. Kona tu, kwanza. Mimi nikapanda lote. Ile ni tamaa yangu."

Mbuzi mmoja alikuwa amefungwa karibu, akitafuna bua.

"Tutauza hawa," mzee akasema, akionyesha zizi kwa kidevu. "Atarudi shule. Ila nakuomba, usimwondoe kwenye kile chumba."

Tulipokuwa tunarudi, karibu na shule, Mwalimu wa Fizikia alisimama ghafla. Nilidhani amechoka. Alisema, si kwangu hasa, "Alimwambia ajaribu kona." Akarudia tena maneno yale. Nilimtazama usoni nikashindwa kujua kama ni mtu anayejivunia au anayetaka kulia, nikatazama pembeni, kwa kuwa yeye si mtu ambaye ungemshika bega.

Miezi iliyofuata alikuwa akipakia mtama kwenye baiskeli yake Jumamosi, akaelekea kilimani. Hakuna aliyemwuliza. Na ile sentensi ya ukutani aliifuta mwenyewe kwa kitambaa chenye maji.

Programu aliibomoa tena. Safari hii kila mwaka aliuacha peke yake kama ulivyonyesha, wenye njaa na wenye shibe, na ukibonyeza, mashine inakuokotea mmoja bila kukuambia ni upi. Watoto walikasirika. Jana uwele umeshinda, leo mahindi, kesho vyote vimekauka. Walimwambia sasa mashine haina jibu. Akawauliza wangefanyaje ili wajue. Wengi walichoka, na jioni nyingine chumba kilikuwa na watoto wachache kuliko viti.

Nyemo hakuchoka. Alikuwa amerudi, amekonda, na sasa alikaa ameelekea mbele. Nilikuwa napita dirishani jioni aliyopata alichokuwa anakitafuta. Alikuwa amebonyeza mwaka baada ya mwaka mpaka wenzake wamekwenda kula. Aligeuka akamwambia mwalimu wake kwamba swali lake la kwanza halikuwa zuri. Aliuliza kipi kinazaa sana. Alipaswa kuuliza kipi hakimwachi mtu bila kitu. Akamwonyesha: shamba moja, sehemu kubwa uwele, sehemu ndogo mahindi, halivunji rekodi mwaka wowote, lakini hakuna mwaka ambao lililala njaa kabisa. Mwalimu wa Fizikia hakusema vizuri wala hongera. Alivuta kiti akakaa kando yake. Nilikuwa sijawahi kumwona ameketi katika chumba kile.

Muda si mrefu akaja mkaguzi. Alikuwa mtu mstaarabu, mwenye haraka, aliyepewa shule nyingi na gari moja. Alionyeshwa chumba kwa sababu mkuu wa shule alijivunia zile kompyuta. Mkaguzi alitazama watoto wakipanda na kuvuna, akamchagua Nyemo, akamwuliza kati ya mahindi na uwele jibu sahihi ni lipi.

Nyemo alisimama akafikiri. "Inategemea unaogopa nini," akasema.

Wanafunzi hawakucheka, maana waliona ni jibu la kawaida. Mkaguzi alitabasamu kidogo akauliza jambo hili liko mada gani ya muhtasari wa masomo, na liliwahi kuulizwa mtihani upi. Mwalimu wa Fizikia angeweza kujitetea. Alikuwa na maneno, mimi nayajua, nimewahi kuyasikia. Alisema tu kwamba haliko.

Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na paa linalovuja, matokeo ya kidato cha nne yaliyoshuka, na shule mpya za kulipia zilizokuwa zinafunguliwa Dodoma mjini na kuwachukua walimu wake mmoja mmoja. Aliniambia mimi kwanza, labda apate ujasiri wa kumwambia mwenyewe, kwamba wazazi wanataka cheti. Kompyuta zingefundisha kuchapa barua, watu wa nje wangelipia kozi, shule ingepata mafuta ya jenereta. Akaenda kumwambia. Inasemekana Mwalimu wa Fizikia alimsikiliza, akauliza ni lini, akampa ufunguo. Kijana wa kufundisha kozi aliletwa kutoka mjini. Shamba lilifutwa ili kupata nafasi. Ile mifuniko ya shuka niliikuta imeanikwa kambani kwake, imefuliwa, safi.

Aliendelea kufundisha kwa ubao, na alifundisha vizuri, wanafunzi wakafaulu. Lakini alianza kujibu maswali. Ukimwuliza kitu alikujibu moja kwa moja, kwa ukamilifu, kama kitabu. Wenzangu walisema afadhali, mzee amelainika. Mimi nilipomsikia mara ya kwanza akimjibu mtoto papo hapo, nilihisi kama nimeingia nyumbani kwangu nikakuta vyombo vimehamishwa.

Baadaye alihamishiwa Manyoni. Aliondoka asubuhi, na mizigo yake yote haikujaza hata nusu ya pikapu. Aliniamkia yeye kwanza, jambo ambalo si desturi, akasema, "Haya, Mwalimu," akapanda. Nyumba yake ikapewa mwalimu mwingine mwenye watoto wengi na redio kubwa. Barua hakuandika, nami sikuandika. Nyemo alimaliza kidato cha nne, hakuendelea. Aliolewa, akaingia biashara ya nafaka, na kila nikipita Kibaigwa namkuta sokoni amesimama juu ya magunia akipayukia makuli. Hununua mahindi. Hununua uwele vilevile, hata bei yake inapokuwa mbaya, na wenziwe humcheka. Aliwahi kuniuliza yule mwalimu yuko wapi. Nikasema sijui.

Ilikuwa kweli sijui. Mimi nami nilihamia Dodoma mjini, watoto wakakua, miaka ikaenda. Siku moja nikaenda Mvumi, hospitali, kupima miwani, kwa kuwa maandishi ya wanafunzi yalikuwa yameanza kuogelea. Kwenye benchi la wagonjwa wa macho alikaa mzee aliyenyooka mgongo, amepakata mfuko wa plastiki, kila ndoo ya maji iliyopita mbele yake aliifuata kwa sikio. Nikajua ni yeye kabla sijafika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Aligeuza kichwa upande wangu, akakiinamisha kidogo. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu. "Ni yule wa Kiswahili," alisema.

Nikakaa. Aliniambia amestaafu zamani, ana kiwanja Nzuguni, amejenga vyumba, kimoja anakaa, vingine bado havina bati. Majirani ni watu wazuri, watumishi wa serikali, wanatoka mapema wanarudi jioni. Alikuwa na mtoto wa jicho, na daktari alikuwa amekubali kumfanyia upasuaji siku ile. Nilimwuliza amekuja na nani. Akapapasa mshikio wa ule mfuko.

Ikawa kwamba alishakuja hapo mara mbili na kurudishwa. Hospitali walikuwa sahihi, maana mtu aliyefungwa bandeji hawezi kulala wodini wala kusafiri hadi Nzuguni bila mtu wake. Mara ya kwanza aliwaambia hakuna. Mara ya pili aliwaambia jirani amepata udhuru. Leo, aliniambia kwa sauti ya chini, amewaambia ndugu yake yuko njiani.

"Yuko njiani kutoka wapi?" nikamwuliza.

Watu wawili waliitwa majina yao wakaingia ndani.

"Sijui," alisema.

Sikuwahi kumsikia akitamka neno lile. Nesi alitoka na karatasi zake, msichana mwenye sauti ya upole, akasimama mbele yetu. "Babu, zamu yako imekaribia. Ndugu yako amefika?"

Mwalimu wa Fizikia alifungua mdomo. Niliona jinsi alivyokuwa anajiandaa kurudishwa mara ya tatu, alivyokusanya ule mfuko, miguu ikitafuta ardhi.

"Nimefika," nikasema.

Nesi akaandika jina langu, akauliza uhusiano, nikamwambia aandike dada. Nikampigia mume wangu simu kutoka kibanda cha nje nikamwambia nitalala Mvumi. Usiku ule nililala kwenye jengo la wasindikizaji na akina mama waliokuja na wazee wao, na mmoja akaniuliza kaka yangu anaumwa nini, nikamweleza.

Asubuhi walimfungua bandeji ya jicho moja. Alikaa kitandani ametulia huku nesi akimpangusa. Alitazama ukuta kwanza, akatazama dirisha, akatazama mikono yake pande zote mbili. Kisha akanitazama mimi, na alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi.

"Umezeeka, Mwalimu," alisema.

"Nimezeeka," nikamjibu. "Karibu."

Alicheka mpaka nesi akamwambia asitikise kichwa. Tulipewa dawa ya matone na maelekezo ya kurudi kwa jicho la pili, na nikasema mbele ya nesi kwamba tutarudi. Kisha nikachukua mfuko wake wa plastiki, tukatoka nje kwenye jua kali, yeye amevaa kofia niliyomnunulia getini. Alinishika mkono kwa kuogopa mawe. Jicho lilikuwa linaona vizuri, alinisomea bango moja baada ya jingine tulipokuwa tunapita. Lakini mkono hakuuachia mpaka tukafika kituo cha basi, nami sikumkumbusha.